Mwandishi wa Michezo ya Kuigiza: Habari za Ebrahim Hussein

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Igawa na vijiji vya barabara kuu ya Mbeya na Iringa

(Kabla ya somo kuanza, kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno haya: mchezo, jukwaa, mwigizaji, mhusika, sinema, tamthilia. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kitabu amshirikishe mwenzake asiye nacho.

Leo tutazungumza juu ya kazi moja ambayo matunda yake twayaona mara kwa mara, lakini mwenye kuifanya hatumfikirii. Ninyi wa Igawa mwayaona mabasi yapitayo darajani kwenda Mbeya, Iringa na Dar es Salaam. Ndani ya mabasi mengi mna televisheni. Abiria hutazama sinema njia nzima. Mara wanacheka, mara mama mmoja anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Ukiwauliza wamemwona nani, watakutajia mwigizaji. Lakini yale maneno mwigizaji aliyatoa wapi? Mara nyingi yuko mtu aliyekaa peke yake na kalamu, akayaandika kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Mtu huyo ndiye mwandishi wa mchezo.

Mchezo wa kuigiza ulioandikwa huitwa pia tamthilia. Umeandikwa ili watu wausimame na kuutenda mbele ya wenzao. Mahali wanaposimama huitwa jukwaa. Mtu anayetenda ni mwigizaji. Mtu wa ndani ya hadithi, ambaye mwigizaji anajifanya kuwa yeye, ni mhusika.

Basi tutazame jinsi mchezo unavyoandikwa. Fungueni ukurasa huu na msome pamoja. Wawili wasimame, mmoja asome maneno ya Mkulima wa Juu, mwingine ya Mkulima wa Chini.

(Jioni, kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Mkulima wa Juu ameshika jembe. Mkulima wa Chini anafika, anatweta.)

MKULIMA WA CHINI: Bwana, maji yangu yako wapi?

MKULIMA WA JUU: Maji ni ya Mungu. Wewe uliyanunua lini?

MKULIMA WA CHINI: Zamu ya leo ni yangu. Miche inakauka.

MKULIMA WA JUU: (Anatazama chini.) Na yangu, je?

Mmesoma vizuri. Ni mistari michache tu, lakini tumekwisha jua mambo mengi. Tumejua ni wapi, ni saa gani, ni nani, na kila mmoja anataka nini. Maneno yaliyo katika mabano hayasemwi. Hayo humwambia mwigizaji la kufanya. Yale yanayofuata jina la mhusika ndiyo husemwa. Tena angalieni jambo moja: mwandishi hakutuambia nani ana haki. Wa Chini ana zamu, lakini wa Juu naye ana miche yake. Mwandishi amewaweka wote wawili mbele yetu, akatuachia sisi tufikiri. Likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Sasa twende kwa mtu tuliyemkusudia. Jina lake ni Ebrahim Hussein. Yeye ni mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa michezo ya kuigiza katika lugha ya Kiswahili. Alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya Tanganyika, upande wa Kilwa na Lindi. Zama zile nchi yetu ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza.

Katika miaka ya 1960 alisoma katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Huko alijifunza sanaa ya maonyesho. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1961, na watu wengi walikuwa wakijiuliza kama Kiswahili kinaweza kubeba mambo mazito ya jukwaani. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alijibu swali hilo kwa kalamu. Alikuwa Rais, na kazi zake zilikuwa nyingi, lakini alipata nafasi ya kufasiri mchezo wa Mwingereza Shakespeare uitwao Julius Caesar. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Basi ilionekana wazi kwamba Kiswahili kina nguvu ya kutosha. Lililobaki lilikuwa kupata michezo mipya iliyozaliwa humu humu kwetu.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kijana Ebrahim Hussein. Mchezo wake mmoja wa mwanzo unaitwa Wakati Ukuta. Ndani yake mna binti aitwaye Tatu. Tatu anataka kwenda sinema pamoja na kijana aitwaye Swai. Mama yake anakataa. Mama anaona hiyo ni aibu, binti anaona hayo ni mambo ya kizamani. Wewe mzazi unayesikiliza, huenda umekwisha mpa haki mama. Na wewe kijana uliyeketi nyuma umekwisha mpa haki binti. Mwandishi anawajua ninyi nyote wawili. Binti anaondoka, anaolewa na Swai, lakini raha aliyoitarajia haipati. Ukuta wa wakati haumwachi mtu kwa sababu ana umri mkubwa, wala kwa sababu ana umri mdogo.

Lakini mchezo uliomfanya ajulikane kila mahali ni Kinjeketile. Ulichapishwa mwaka 1969 na Oxford University Press. Mwaka uliofuata ulitoka kwa Kiingereza, na aliyeufasiri ni Hussein mwenyewe. Kwa miaka mingi umesomwa na wanafunzi wa shule za Tanzania na za Kenya. Huenda mtoto wako ameusoma. Muulize leo jioni.

Ili kuufahamu mchezo huu, inafaa kwanza tukumbuke historia. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwa faida ya serikali. Watu walitolewa katika mashamba yao wenyewe, wakapigwa viboko, na malipo yalikuwa madogo mno. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alitokea mtu aliyeitwa Kinjeketile Ngwale. Alisema amepewa dawa, nayo ni maji. Atakayeitumia, risasi ya Mjerumani haitamdhuru. Habari hiyo ilienda mbali. Makabila ambayo hayakuwa yakielewana yakaanza kusikilizana. Mwishoni mwa Julai 1905, katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba shambani. Vita ya Maji Maji ikaanza. Kinjeketile alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti 1905, lakini vita havikufa pamoja naye. Viliendelea hadi mwaka 1907.

Msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali na ninyi. Mwezi Septemba mwaka 1905 Wabena walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe. Kutoka Igawa kwenda Njombe si safari ya siku nyingi. Huko Songea viongozi wa Wangoni walinyongwa mwaka 1906. Lakini Wahehe wa Iringa, ambao chini ya Mkwawa walikuwa wamepigana na Wajerumani tangu mwaka 1891 hadi Mkwawa alipokufa mwaka 1898, safari hii kwa jumla hawakuingia vitani upande wa Maji Maji. Na katika vita vya Mkwawa, Wasangu wa Merere, wenye nchi hii ya Usangu, walikuwa upande wa Wajerumani, kwa sababu walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi na Wahehe. Kila mmoja alipigana kwa zamu yake, na kila mmoja alishindwa kwa zamu yake. Kwa hiyo utaona kwamba neno lililoweza kuwakusanya Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wabena na Wangoni halikuwa neno dogo.

Wajerumani walikuwa na bunduki za mzinga, na maji hayakuzuia risasi. Baadaye walichoma vyakula na vijiji ili watu washindwe kwa njaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wataalamu wengine wa historia wametaja idadi inayofika 250,000 na zaidi. Wengi wao hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa.

Sasa, mwandishi wa mchezo akichukua habari kama hizo hufanya nini nazo? Anaweza kumsifu shujaa tangu mwanzo hadi mwisho, na watazamaji wakapiga makofi na kwenda nyumbani. Hussein hakufanya hivyo. Alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa mchezo wake si yule wa historia hasa, bali ni mtu aliyemuumba yeye mwandishi. Mchezo unaanza na wanawake wakizungumza juu ya uhaba wa chakula, kwa maana waume zao wamechukuliwa kwenda kulima shamba la Mjerumani. Angalieni: vita vikubwa vinaanzia jikoni, penye chungu kisicho na kitu. Mwanamke yeyote aliyeko darasani anaufahamu mwanzo huo bila kufundishwa.

Kisha Kinjeketile anapandwa na pepo aitwaye Hongo, anaingia mtoni, anatoka na maji na neno. Jukwaani hakuna mto. Hapana hata ndoo. Mwandishi anautengeneza mto kwa maneno na kwa mwendo wa mwigizaji, na mtazamaji anauona kwa akili yake. Hapa ndipo mchezo wa jukwaani unapotofautiana na sinema. Mtu wa sinema angekuja Igawa na kamera akaupiga picha mto Mbarali wenyewe, na maji yangeonekana yakipita. Kwa hiyo mwandishi wa sinema huandika zaidi yale yatakayoonekana, na mwandishi wa jukwaa huandika zaidi yale yatakayosemwa. Hata nchini kwetu sinema zimetengenezwa kwa njia hiyo. Mwaka 1985 ilitoka sinema ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndani yake aliigiza Amandina Lihamba, ambaye naye ni mwandishi wa michezo ya kuigiza.

Turudi kwa Kinjeketile. Watu wanaliamini neno lake. Wanaungana. Lakini yeye mwenyewe anaanza kuwa na shaka. Anafikiri juu ya yale aliyoyasema alipokuwa amepandwa na pepo, kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wa Sultani wa Unguja. Anajiuliza: je, tutamtoa bwana mmoja ili tumweke bwana mwingine? Na neno hilo, limetoka kwa pepo, au limetoka kwangu mwenyewe? Anawataka watu wangoje. Anataka kwanza umoja uwe mkubwa na watu wajifunze kupigana. Lakini neno limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye aliyelisema. Watu hawataki kungoja tena. Wanakwenda vitani, na wengi wanakufa.

Mwisho Kinjeketile yuko kifungoni. Anaambiwa aseme kwamba maji yale yalikuwa uwongo. Hapa, ndugu msikilizaji, tulia ufikiri. Yeye mwenyewe hana imani tena na maji. Akisema ni uwongo, atakuwa amesema lile analolifikiri. Huenda watu wakaacha kwenda mbele ya bunduki. Kwa nini basi asiseme?

Anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo, watoto na wajukuu wataambiwa kuwa wazee wao walikuwa wapumbavu tu, kwamba hata kule kuudai uhuru kulikuwa kosa. Maji huenda yalikuwa uwongo. Umoja haukuwa uwongo, na haki waliyoidai haikuwa uwongo. Anaogopa kwamba Mjerumani akipata kuyavunja maji, atavunja na haya mawili mengine.

Je, alifanya vizuri? Mwandishi hatuambii. Ni kama wale wakulima wetu wawili wa mferejini. Wako watu waliousoma mchezo huu wakasema Kinjeketile alikuwa shujaa. Wako wengine waliosema: lakini wale waliokufa wakiamini maji walikuwa na mama zao. Kila darasa lina haki ya kuzungumza jambo hilo upya, na darasa la Igawa ni mojawapo.

Baada ya Kinjeketile, Hussein hakukaa kitako. Mwaka 1971 ulichapishwa mchezo wake Mashetani. Humo mna vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru. Jamaa ya Juma walikuwa matajiri huko Unguja, wakapoteza mali yao katika Mapinduzi ya mwaka 1964. Jamaa ya Kitaru sasa ndio wanaopanda juu. Je, urafiki waweza kukaa katikati ya mambo hayo? Ni mchezo mgumu kidogo, una ndoto ndani yake na una shetani na binadamu chini ya mbuyu. Lakini swali lake ni rahisi kulifahamu: mkoloni akiisha kuondoka, mashetani gani yamebaki ndani yetu wenyewe?

Halafu alikwenda Ujerumani ya Mashariki, akasoma katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin. Mwaka 1975 alipata shahada ya udaktari. Si udaktari wa sindano, bali ule wa elimu ya juu. Aliandika juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza katika Afrika ya Mashariki. Berlin ndiko alikofanya kazi Bertolt Brecht, mwandishi Mjerumani aliyetaka mtazamaji asibebwe na hadithi tu, bali akae macho na kuhukumu. Hussein aliyajua sana mafundisho hayo, lakini hakuyachukua kama mtu achukuavyo shati la mtumba. Aliyaunganisha na mambo ya kwetu. Mwaka 1976 zilitoka Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Humo msimulizi mmoja anasimama mbele ya watu kama bibi zetu walivyokaa motoni na kusimulia hadithi. Mwaka 1980 ulitoka mchezo uitwao Arusi. Pamoja na kuandika, alifundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka 1988 ulitoka mchezo wake Kwenye Ukingo wa Thim. Habari zake ni za mwanamke aitwaye Martha, aliyefiwa na mumewe, Herbert. Mjane anataka kumzika mumewe kwa njia moja, ukoo wa mume unataka njia nyingine. Mabishano ya namna hiyo yalikuwa yametokea kweli Nairobi, alipofariki wakili S. M. Otieno mwezi Desemba 1986. Mjane wake na ukoo walikwenda mahakamani, na maziko hayakufanyika mpaka Mei 1987, ukoo uliposhinda. Nanyi mwajua kwamba mambo hayo si ya Nairobi tu. Katika vijiji vyetu pia, mume akifa, huulizwa shamba ni la nani, nyumba ni ya nani, na mjane akae wapi. Mchezo hauwezi kutoa hukumu ya mahakama. Lakini unaweza kuwakalisha mjane na shemeji mahali pamoja, kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka mwisho bila kumkata maneno. Nyumbani ni mara chache hilo kutokea.

Hussein aliacha kufundisha katika Chuo Kikuu katika miaka ya 1980. Hakuwa mtu wa kupenda kujitangaza. Lakini jina lake halikusahauliwa. Iko tuzo ya ushairi wa Kiswahili yenye jina lake, kwa maana yeye ni mshairi pia.

Sasa ninyi mtasema: huyo ni daktari wa Chuo Kikuu, mimi nimejifunza juzi tu kuandika jina langu. Habari zake zanifaa nini? Zafaa kwa sababu mbili.

Kwanza, mchezo ni maandishi yaliyo karibu kabisa na mazungumzo. Barua ya serikali ina maneno yake magumu. Mchezo una maneno uyasemayo wewe sokoni, mashineni kwa kukoboa mpunga, na kisimani. Mtu aliyejifunza kusoma karibuni anaweza kuusoma kwa faida. Na wanane wakiusoma pamoja, kila mmoja na mhusika wake, yule asomaye polepole hangojewi kwa hasira, kwa kuwa kila mtu anasubiri zamu yake.

Pili, Kinjeketile anatufundisha kwamba neno lina nguvu. Likitoka, halirudi, nalo laweza kumshinda aliyelitoa. Asiyejua kusoma hupokea neno kama alivyopewa, liwe la dawa, la mkopo au la mkataba wa shamba. Ajuaye kusoma anaweza kulishika, kuligeuza huku na huku, na kuuliza: nani amelisema, na kwa faida ya nani? Wale walioyaamini maji hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameonewa, na hawakupewa neno jingine la kushika. Wewe leo una kitabu mkononi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kinjeketile alipokataa kusema kwamba maji ni uwongo, alifanya vema au vibaya? Wanaosema vema wakae upande mmoja, wengine upande wa pili. Kila upande utoe sababu tatu.

2. Katika Wakati Ukuta, kama ungalikuwa mama yake Tatu, ungalimwambiaje binti yako?

3. Je, katika kijiji chenu mjane hutendewaje kuhusu shamba la mumewe? Wanawake waseme kwanza.

KAZI YA KUANDIKA

Umalizieni ule mchezo wa mferejini. Andikeni mistari sita, mitatu ya Mkulima wa Juu na mitatu ya Mkulima wa Chini. Msimfanye mmoja kuwa mjinga na mwingine kuwa mwerevu. Kila mmoja awe na sababu yake ya kweli. Somo lijalo wawili wawili watasimama na kuigiza mbele ya darasa.

Kwaherini, mabibi na mabwana. Someni kwa bidii.